Kufundisha Sehemu Hai na Zisizo Hai za Mfumo Ikolojia: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Mwambie mwanafunzi aliyemaliza mada hii akutajie vitu vitano visivyo hai katika mfumo ikolojia, naye atavitaja bila kusita: jua, maji, hewa, joto, jiwe. Sasa muulize lile jiwe linamfaa nini mjusi, au mjusi analifanya nini jiwe. Darasa zima litainamia madaftari. Orodha wanayo, uhusiano hawana, na mada yenyewe ni uhusiano.

Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Arthur Tansley, alipoitambulisha dhana ya mfumo ikolojia mwaka 1935, hoja yake ilikuwa kwamba viumbe havitenganishiki na mazingira vinamoishi. Vyote pamoja ni mfumo mmoja. Cha ajabu, sisi walimu huifundisha dhana hiyohiyo kwa kuvitenganisha: tunachora safu mbili ubaoni, wanafunzi wananakili, kipindi kinaisha.

Katika mwongozo huu safu mbili ni mlango tu wa kuingilia. Umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa miaka 9 hadi 13, na unachukua vipindi sita hivi pamoja na jaribio moja litakaloendelea dirishani kwa wiki kadhaa. Maabara haihitajiki.

Maandalizi

Kusanya kamba, vijiti vinne kwa kila kundi, kipimajoto, chupa za plastiki zenye mdomo mpana na kifuniko, chupa tatu ndogo, maputo, hamira kavu, sukari, na kadi za karatasi. Kioo cha kukuzia kikipatikana ni heri. Kisipopatikana, kazi haiharibiki.

Siku moja kabla, toka mwenyewe ukaikague sehemu utakayowapeleka. Tafuta mahali pawili panapokaribiana, pamoja pana kivuli na pengine panapigwa jua. Angalia kama kuna mizinga ya nyuki, miiba, vipande vya chupa au mashimo yanayoweza kuwa na nyoka. Uliza pia ni nani kati ya wanafunzi ana mzio wa kuumwa na wadudu. Haya hayachukui muda, na ndiyo yanayokupa utulivu wa kufundisha siku yenyewe.

Hatua ya 1: Jua wanachoamini kabla hujawaambia chochote

Andika kila neno kwenye kadi yake: moto, mbegu kavu, wingu, hamira, yai, mto, uyoga, gogo lililoanguka, ganda la konokono, gari, jua, jani bichi lililochumwa sasa hivi. Upande mmoja wa chumba uwe "hai", wa pili "si hai". Soma kadi moja moja, wanafunzi wasogee upande wanaouamini na waseme sababu. Usisahihishe mtu. Andika sababu zao ubaoni kama walivyozisema.

Utaona jambo ambalo mwanasaikolojia Jean Piaget aliliandika tangu miaka ya 1920: mtoto huhusisha uhai na kujongea. Mto unakwenda, wingu linasafiri, moto unacheza, kwa hiyo vina uhai. Kwa kipimo hichohicho mbegu imetulia, basi haina. Usidhani wenye miaka 13 wamelivuka hili. Wengi wameliacha kwa mto, lakini kwa mbegu na yai bado wanalo.

Wape sasa sifa za viumbe hai: kujilisha, kupumua, kukua, kuhisi, kujongea, kuzaliana, kutoa takamwili. Kisha rudi kwenye kadi ya moto na uwaache wahangaike nayo. Moto "unakula" kuni, unatumia oksijeni, unakua, unatoa moshi na majivu, na moto mmoja huwasha mwingine. Mwanafunzi mwerevu atakuambia umefuzu karibu sifa zote, na hatakuwa amekosea kusoma orodha. Hapo ndipo pa kuwaonyesha kwamba orodha ya sifa ni dalili tu, haitoshi kuwa uthibitisho. Kiumbe hai kimejengwa kwa seli, na kila seli imetoka kwa seli nyingine. Moto hauna seli hata moja. Kwa upande wa pili, baghala kwa kawaida hazai, lakini hakuna atakayesema hayuko hai.

Kadi ya hamira ijibiwe kwa jaribio. Weka kijiko cha hamira na kijiko cha sukari katika vikombe vitatu. Cha kwanza kitie maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi joto 40. Cha pili maji baridi. Cha tatu maji yaliyochemka, na hayo uyamimine wewe. Acha cha tatu kipoe kabisa kabla ya kukihamishia kwenye chupa, maana maji yanayochemka hukunja plastiki na yanaweza kupasua kioo. Halafu vika kila chupa puto mdomoni. Ndani ya nusu saa hadi saa moja puto la uvuguvugu litasimama, la baridi litakuwa linajikongoja, la tatu litabaki limelala. Unga mkavu uliokuwa kwenye pakiti, ambao nusu ya darasa waliapa hauna uhai, umekula sukari na kutoa hewa ya ukaa. Ule uliopikwa umekufa. Katika jaribio hilihili dogo wameshaona kitu kisicho hai, joto, kikiamua kiumbe kiishi, kidorore au kife. Liseme hilo kwa sauti kabla kengele haijalia, kwa sababu ndilo utakalolijenga katika vipindi vyote vinavyofuata.

Kuhusu gogo na ganda la konokono: fungua kundi la tatu, "vilivyokuwa hai au vilivyotoka kwa kiumbe hai". Vitabu vingi huviweka vitu hivi upande wa viumbe kwa kuwa asili yake ni huko na bado ni chakula cha wengine. Usibishane nao kipindi kizima. Kundi la tatu linatosha.

Hatua ya 2: Mita moja ya mraba

Hiki ndicho kipindi ambacho singekubali kukiruka hata muda ukibana kiasi gani. Kila kundi la watu wanne au watano lichomeke vijiti na kuzungushia kamba, mita moja kila upande. Nusu ya makundi yakae kivulini, nusu juani.

Dakika tano za mwanzo ni za kimya: kuangalia na kuchora tu, bila kugusa. Watanung'unika. Dakika ya kwanza wanaona nyasi, ya pili wanaona sisimizi, na kuanzia ya tatu mambo ndiyo yanaanza: jani lililotobolewa tundu la duara, kinyesi cha ndege, mche mdogo uliochomoza katika ufa wa jiwe, vijipira vya udongo vilivyoachwa na mnyoo. Alama za kiumbe nazo ni ushahidi wa kiumbe, waambie waziandike.

Baada ya hapo waanze kupima. Kipimajoto kiwekwe juu ya udongo, kisha kizamishwe sentimita 5 hivi ndani, na kila mara wangoje hadi kitulie. Unyevu wanaweza kuupima kwa kiganja: finyanga udongo kidogo, fungua mkono. Ukisambaratika ni mkavu, ukishikamana una unyevu, ukidondosha maji umelowa. Kiwango cha mwanga kiandikwe kwa maneno, kivuli kizito au chepesi au jua kamili, na saa ya kupima isisahaulike. Jedwali lisilo na saa halina maana, kwa kuwa udongo wa saa mbili asubuhi na ule wa saa nane mchana ni kama sehemu mbili tofauti.

Jiwe au gogo likiwepo, linyanyue wewe, ukilivutia kwako ili upande ulio wazi uelekee mbali na miguu yako. Chini yake kuna unyevu hata kama pembeni ni pakavu, na mara nyingi utakuta jongoo, mchwa, mayai ya mdudu, au nyuzi nyeupe za kuvu zilizotambaa kwenye mbao. Hapa lile swali la mjusi linajibika: jiwe linazuia jua na kuhifadhi unyevu upande wa chini, na upande wa juu linafyonza joto ambalo mjusi hulitumia kuupasha mwili. Lirudishe jiwe polepole kama lilivyokuwa. Mwanafunzi atakayekuuliza kwa nini ulirudishe amekupa nusu ya somo linalofuata.

Mkirudi ndani, chora jedwali moja la kivulini na juani. Wasijaze tu, waeleze tofauti. Kwa nini kuna sisimizi wengi hapa na minyoo kule? Kwa nini nyasi zimenyooka huku na kule zimerefuka na kulegea? Kwa kawaida watakuwa wamesahau kuandika hewa, kwa sababu haionekani. Waulize: mkiiondoa hewa katika ile mita moja, ni kipi kinaanza kufa, na ni kipi kitabaki?

Hatua ya 3: Udongo, mahali ambapo safu mbili zinavunjika

Watoto huuweka udongo upande wa visivyo hai, na vitabu vingi hufanya hivyohivyo. Tia udongo robo chupa, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uiache chupa itulie. Mchanga unashuka upesi, chembe laini zinafuata, maji ya mfinyanzi hukaa na uchafuchafu hadi kesho yake, na juu vinaelea vipande vya majani, mizizi na mboji.

Udongo mzuri wa juu, kwa makadirio ya vitabuni, ni chembe za madini asilimia 45 hivi, maji 25, hewa 25, na mabaki ya viumbe asilimia 5. Mbali na hayo, kijiko kidogo cha chai kinaweza kubeba bakteria wanaofika bilioni moja. Sasa uliza: udongo tuuweke safu ipi? Acha wagombane. Jibu ninalolikubali ni lolote linaloeleza kwamba udongo ni kazi ya pande zote mbili: mwamba uliomomonyolewa na mvua, joto na mizizi, ukachanganyika na mabaki yaliyosagwa na viumbe.

Hatua ya 4: Hakuna mshale usio na kitenzi

Sasa wanachora. Kila kundi lichukue vitu kumi kutoka kwenye mita yake, liviandike kwenye karatasi kubwa na kuviunganisha kwa mishale. Kanuni ni moja: kila mshale uandikwe kitenzi juu yake. Halafu piga marufuku vitenzi vitatu: *inahitaji*, *inategemea*, *inasaidia*. Hivi ndivyo vichaka wanavyojificha wasioelewa. "Mmea unahitaji maji" haisemi chochote. "Mizizi inafyonza maji, majani yanayatoa kama mvuke" inasema.

Vitenzi vikianza kuja (kivuli kinapoza udongo, mnyoo anatoboa njia za hewa, mizizi inashikilia mchanga, kuvu inameng'enya gogo, upepo unasambaza mbegu), hesabuni mishale kwa aina zake. Kutoka kisicho hai kwenda hai itakuwa mingi. Kutoka hai kwenda hai itakuwepo, na karibu yote itasema *anakula*. Mshale kutoka hai kwenda kisicho hai utakuwa haba au hautakuwepo kabisa. Mazingira kwao ni jukwaa, viumbe ndio waigizaji, na jukwaa halibadiliki. Lazimisha kila kundi litafute mishale mitatu ya aina hiyo. Mfano mkubwa kuliko yote wanauvuta puani: oksijeni, asilimia 21 hivi ya hewa, ipo kwa wingi huo kwa sababu ya usanisinuru, yaani mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Bila viumbe vya kijani, hewa ya dunia isingekuwa hii.

Angalia mambo mawili wanapochora. La kwanza ni uelekeo wa mishale ya chakula. Mshale unafuata nishati, hivyo unatoka kwenye nyasi kwenda kwa panzi, ingawa panzi ndiye anayekula. Wengi huugeuza.

La pili ni imani kwamba mmea "unakula udongo". Imani hii ni sugu, na maelezo matupu hayaing'oi. Simulia jaribio la mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake. Alipanda mche wa mti ndani ya pipa lenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti uliongezeka takribani kilo 74. Udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Waache wanafunzi wakisie zile kilo zimetoka wapi. Mwenyewe alihitimisha kwamba zote ni maji, na hapo alikosea: sehemu kubwa ya mwili mkavu wa mti imejengwa kwa hewa ya ukaa iliyoingia kupitia majani. Zile gramu chache za chumvichumvi nazo zina umuhimu wake, maana bila hizo mti hudumaa. Hadithi hii huwafaa kuliko fomula ya usanisinuru, ambayo kwa umri huu wanaikariri kama wimbo.

Hatua ya 5: Dunia ndani ya chupa

Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Ward, alimhifadhi pupa wa nondo kwenye chupa iliyofungwa yenye udongo wenye unyevu, akashangaa kuona mche wa kangaga ukimea humo. Ninyi mtafanya hivyo kwa makusudi.

Weka changarawe sentimita 3 chini ya chupa, juu yake vipande vya mkaa, kisha udongo wa bustani sentimita 6 hadi 8. Usiupike udongo wala kuuchuja, kwa kuwa waozeshaji mnaowataka wamo humo. Panda mimea midogo miwili au mitatu inayopenda unyevu na kivuli, kama makangaga au kuvumwani. Tupia majani makavu machache. Nyunyiza maji hadi udongo ushikamane kiganjani, usidondoshe. Funga kifuniko barabara. Chupa iwekwe penye mwanga lakini si kwenye jua la moja kwa moja, ambalo litaipika mimea mchana mmoja. Tengeneza ya pili iliyo sawa na hiyo, uiweke ndani ya kabati lenye giza.

Kabla hamjafunga, kila mwanafunzi aandike utabiri wake: mimea itaishi muda gani, na kwa nini? Karibu wote watasema itakufa kwa kukosa hewa. Katika siku chache wataona ukungu wa matone ukijikusanya kwenye kuta na kutiririka tena chini. Huo ni mzunguko wa maji. Majani makavu yatavaa utando wa kuvu. Maji yakizidi, kuta zitakuwa nyeupe siku nzima: fungua saa chache, ufunge tena. Chupa ya gizani itafifia, na hapo waulize kilichoondolewa kilikuwa hai au la.

Chupa zikiwa dirishani, wasimulie kisa cha Biosphere 2, jengo kubwa la vioo huko Arizona, Marekani, ambamo watu wanane walijifungia Septemba 1991 kwa miaka miwili pamoja na msitu mdogo, mashamba na hata bahari ndogo. Baada ya miezi 16 hivi oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka karibu asilimia 21 hadi takribani 14, na ikabidi iongezwe kutoka nje. Nani aliimaliza? Wanafunzi huwataja watu, kisha wanyama. Ni viumbe wadogo wa udongoni, waliokuwa wakiozesha mboji nyingi iliyowekwa humo, nao wakitumia oksijeni kuliko mimea ilivyoweza kuirudisha. Hewa ya ukaa waliyoitoa ilinyonywa kwa sehemu kubwa na zege la kuta, kwa hiyo mimea haikuipata yote. Viumbe, hewa, zege: rudini kwenye karatasi za mishale mkichore kisa hiki.

Hatua ya 6: Maswali yatakayokuvizia

Virusi ni hai? Wanasayansi wenyewe wanabishana: havina seli na haviwezi kuzaliana nje ya seli ya kiumbe kingine. Jua ni sehemu ya mfumo ikolojia? Nishati yake, ndiyo. Lenyewe liko mbali mno. Kila mfumo unategemea jua? Hapana. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, watafiti walikuta katika kilindi cha bahari jamii za viumbe zinazoishi kwenye matundu ya maji moto, ambako bakteria hutengeneza chakula kwa nishati ya kemikali badala ya mwanga. Binadamu yuko safu ipi? Hai, na barabara aliyoijenga haiko hai, na mishale kati yao wachore wenyewe.

Hatua ya 7: Kupima uelewa

Usiulize "taja" wala "orodhesha". Wape tukio. Kwa mfano: *Bwawa limefunikwa lote na magugu maji. Wiki chache baadaye samaki wanakutwa wamekufa, mara nyingi alfajiri. Eleza kilichotokea kwa mishale isiyopungua minne yenye vitenzi.*

Jibu kamili lina mambo haya: magugu yanazuia mwanga, mimea iliyo chini ya maji inashindwa kufanya usanisinuru, haitoi oksijeni, inakufa, bakteria wanaoiozesha wanatumia oksijeni, magugu yanazuia pia hewa kuingia majini kutoka juu, usiku hakuna usanisinuru wowote ilhali kila kiumbe kinaendelea kupumua, hivyo oksijeni inakuwa ndogo kabisa kabla ya jua kuchomoza.

Katika kusahihisha, mwenye mlolongo mfupi usiokatika mpe alama zaidi ya mwenye mambo mengi yasiyoungana. "Magugu yaliua samaki" ni mshale mmoja uliorukia mwisho. Mrudishie karatasi aijaze katikati. Anayeandika kwamba samaki walikosa chakula amefikiri, lakini hajaieleza alfajiri, kwa hiyo mpe nusu. Na akitokea anayeuliza kama maji yalikuwa ya moto, usimpite haraka: maji ya nyuzi joto 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Hukumfundisha hilo, na swali halikulitaja. Mpe alama.